Mguu Mmoja Ukivimba, Usikubali Kuambiwa "Ni Kawaida Yenu"

Juzi kijana mmoja wa Kasulu aliyevunjika uti wa mgongo miaka kadhaa iliyopita aliniandikia: "Kaka, mguu wa kulia umevimba tangu Jumamosi. Hauumi. Nivumilie au niende hospitali?" Nilimpigia palepale nikamwambia aende siku hiyohiyo, na nyumbani mtu yeyote asiuchue, kwani huenda ni damu iliyoganda, na bonge likichuliwa linaweza kung'oka. Tangu hapo sijatulia, kwa sababu swali lake na mimi niliwahi kuliuliza, nikajibiwa ovyo.

Ndugu zangu mliopooza, hilo neno "hauumi" lisiwafariji. Mwenzako asiyepooza, bonge la damu likiziba mshipa wa mguu, maumivu yanaweza kumwamsha usiku. Wewe usiyehisi kitu chini ya kiuno huna wa kukuamsha. Misuli ya kigimbi ndiyo inayosukuma damu ya mguuni irudi juu mtu anapotembea. Yetu imelala, damu inakwenda polepole, na damu isiyokwenda huganda.

Mimi nilianguka kutoka kwenye mchikichi nikiangua chikichi, nikapooza. Nikalazwa hospitali. Nakumbuka zile sindano za tumboni za kuzuia damu isigande. Miezi 3 ya mwanzo baada ya kuumia ndiyo ya hatari kubwa, na wataalamu hupendekeza kinga hiyo iendelee kwa wiki 8 au zaidi. Baadaye hatari hushuka sana, dawa inasimamishwa, unarudi nyumbani. Mimi nikarudi Mwanga, Kigoma, nikajifunza kushona kwa cherehani ya mkono, na leo sare za wanafunzi wengi wa mtaani kwetu zimepita mikononi mwangu. Hilo najivunia.

Lakini hatari kushuka si hatari kuisha. Inapanda tena ukipatwa na jambo jipya: maambukizi, kidonda cha mgandamizo kinachokulaza wiki nzima, upasuaji, mfupa kuvunjika, safari ndefu. Yangu ilianza na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Homa ilinilaza kitandani katikati ya kiangazi, maji nilikuwa nayatapika. Homa iliposhuka, dada yangu akinivalisha suruali akasema, "Mbona upande huu haupiti?" Mguu wa kushoto ulikuwa na joto, ngozi inang'aa. Shangazi akapasha mafuta ya mise (ya kokwa za chikichi) ili anichue. Nilimshika mkono nikamwambia, "Shangazi, naomba uache kwanza." Nikachukua futi yangu ya kushonea, nikapima vigimbi vyote viwili mahali palepale, chini ya goti. Wa kushoto ulizidi kwa sentimita 4.

Kituo cha kwanza nilichokwenda, mhudumu hakuinuka hata kwenye kiti. "Nyie mliopooza miguu lazima ivimbe, kainyanyue juu ya mto." Mbele ya watu! Kauli ile bado inanichoma. Nilikataa kuondoka na jibu hilo, nikatafuta gari, nikaenda hospitali nyingine. Ultrasaundi ya mishipa ikaonyesha bonge kwenye mshipa wa paja. Nikaanzishiwa dawa za kuzuia kuganda, na mara nyingi dawa hizo huenda miezi 3 au zaidi. Kama ni warfarin, lazima upimwe damu mara kwa mara, na mchicha na kisamvu ule kwa kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu mboga za majani zikizidi au zikipungua ghafla huvuruga nguvu ya dawa.

Kwa hiyo nunua futi. Ni vitu vya bei ndogo sokoni. Pima asubuhi kabla hujashuka kitandani, maana jioni miguu yote miwili huvimba kwa kukaa, na huo uvimbe hushuka ukilala. Andika namba. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 kati ya vigimbi ni dalili ambayo madaktari wenyewe huihesabu. Huenda ikawa si damu, ikawa mfupa umevunjika bila wewe kujua, kwani mifupa yetu imedhoofika. Vyovyote iwavyo ni hospitali, na vyovyote iwavyo usichuliwe.

Jambo jingine linaloniuma ni safari. Kigoma hadi Dar kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200, na najua wenzangu wengi wanaopanda wakiwa wamejinyima maji tangu jana yake ili mfuko wa mkojo usiwaaibishe mbele ya abiria. Jamani, kunyweni maji! Mkojo si dhambi. Damu inakuwa nzito kwa aibu ya bure. Tafuta mtu wa kukumwagia mfuko, legeza mikanda yake isikaze mguu, na omba ukunjwe na kunyooshwa miguu kila baada ya muda. Sigara acha. Na akina dada, mkitaka vidonge vya uzazi wa mpango mwelezeni mtoa huduma kwamba mmepooza, kwani vyenye estrojeni huongeza hatari hii.

Na ninyi mnaotuuguza: bonge linaweza kung'oka likapanda hadi kwenye mapafu. Mtu akikosa pumzi ghafla, kifua kikabana, moyo ukaenda mbio, akakohoa damu au akazimia, mkimbizeni saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Mkifika semeni kabla ya lolote kwamba amepooza, mguu upi ulivimba, na tangu lini.