Kozi ya kufuzu bastola za mashindano: ulipie sasa au usubiri?

Mkuu, swali lako nimelisoma. Uko Nyegezi, Mwanza, bastola unaimiliki kihalali mwaka wa pili sasa, umeona tangazo la kozi ya siku mbili upande wa Kenya ya kufuzu ulengaji wa mashindano kwa kanuni za IPSC (shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo), na unaogopa pesa isije ikaenda na maji. Kozi za namna hii zina faida, ila ukiiendea mikono haijaizoea bastola utalipa, utachoka na cheti utakikosa. Kwa ulivyojieleza, kwamba unalenga mara mbili tatu kwa mwaka na holsta (mfuko wa bastola wa kiunoni) hujawahi kuitumia, mimi ningekwambia subiri miezi mitatu.

Hii si kozi ya kufundishwa kulenga. IPSC ni shirikisho lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, Marekani, na mchezo wake ni kupiga shabaha ukiwa kwenye mwendo. Unachomoa bastola, unapiga shabaha kadhaa, unahama, unabadilisha magazini (kibweta cha risasi), unapiga tena, na saa inakuhesabia. Sasa mtu anayekimbia na bastola iliyokokiwa huku wenzake wamesimama mgongoni kwake hawezi kuachiwa hivi hivi. Ndiyo maana kuna nchi zinazodai uthibitishwe kwanza. Kanada, kwa mfano, wana kozi yao inaitwa Black Badge, na bila hiyo mashindano ya IPSC ya kule huingii. Mpangilio wa kozi hizi haupishani sana: kanuni na usalama darasani, kisha reinji (uwanja wa kulengea), kuchomoa bastola tupu, kuchomoa yenye risasi, kubadilisha magazini, kutembea, kulenga kwa mkono mmoja, mwisho shindano dogo. Mkufunzi hajali sana matundu yako yako wapi kwenye karatasi. Macho yake yako kwenye kidole chako na mdomo wa mtutu.

Na hapo ndipo watu wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kosa la kwanza ni kidole. Ukiwa hulengi shabaha, kidole kinatakiwa kiwe nje kabisa ya kikingio cha kifyatulio (ule upinde unaozunguka kifyatulio), kimelala juu ya fremu, yaani mwili wa bastola. Ukisimama kila mtu anaweza. Shida inakuja unapobadilisha magazini huku unatembea: mkono wa kushoto unatafuta magazini kiunoni, akili yote imehamia huko, na kidole cha kulia kinarudi chenyewe ndani bila wewe kujua. Kwenye mashindano unatolewa siku hiyo hiyo, hakuna onyo la kwanza.

La pili ni nyuzi 90. Mtutu hauruhusiwi kupita mstari wa pembeni kwako ukigeukia walikosimama watu. Anayetumia mkono wa kulia anavunja kanuni hii zaidi akikimbia kuelekea kushoto. Sababu yake ni hii: ukibadilisha magazini, mkono wa kulia huigeuza bastola ili tundu la magazini litazamane na mkono wa kushoto, na mtutu unainama kwenda kushoto kwako. Ukiwa umekabili shabaha, hapo hakuna tatizo. Lakini mwili ukishageukia kushoto, hiyo "kushoto kwako" ndiyo nyuma, kwa watu. Dawa yake ni kumalizia kubadilisha magazini kabla hujageuka, au kukimbia kiubavu kiuno kikiwa bado kimeelekea kwenye tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha.

La tatu linaonekana la kitoto lakini ndilo la hatari kuliko yote: kuondoa risasi. Magazini inatoka kwanza, halafu ndiyo unavuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma). Ukianza na slaidi, risasi ya chemba (iliyo tayari nyuma ya mtutu) inaruka nje unaiona kwa macho, unaridhika, na papo hapo slaidi ikirudi inabeba nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba. Kisha unatoa magazini, unaamini bastola ni tupu, na amri inayofuata ni kubonyeza kifyatulio. Mlio unatoka. Kwa hiyo: magazini nje, slaidi nyuma, chungulia chemba, msimamizi naye achungulie, slaidi mbele, bonyeza ukiwa umeelekea kwenye tuta, rudisha kwenye holsta. Kurudisha hakuna haraka, saa imeshasimama. Pindo la shati likinasa ndani ya holsta linaweza kuvuta kifyatulio, hivyo fulana uichomekee, na jaketi la kamba kiunoni liache nyumbani.

Jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi: bastola ikikudondoka hata ikiwa tupu, usiiokote. Simama, mwite msimamizi. Kuiokota mwenyewe ni kosa la kutolewa. Vivyo hivyo kuitoa kwenye holsta ili tu kumwonyesha mwenzako. Kuna eneo maalumu la kushikia bastola bila risasi, na risasi haziruhusiwi kuguswa hapo, hata za bandia.

Sasa vipimo vya nyumbani kabla hujatuma pesa. Bastola tupu, risasi zote zifungiwe chumba kingine, ukuta wa tofali mbele yako, na watoto wasiwepo. Weka simu pembeni ikurekodi, si mbele ya mtutu. Chomoa mara 20 taratibu, kisha tazama video kwa kusimamisha picha: kidole kilipoingia kwenye kikingio, bastola ilikuwa imeshaelekea ukutani au bado inapanda? Kama hata mara moja kati ya 20 kiliwahi, hujawa tayari. Baada ya hapo badilisha magazini mara 20 ukiwa unatembea hatua tatu kushoto na tatu kulia, uangalie tena. Dakika kumi kila jioni zinatosha. Nusu saa inachosha mikono na makosa yanaanza kuzoeleka. Halafu reinji: risasi 10 kwenye karatasi ya A4 kutoka mita 10, bila haraka yoyote. Zote zikiingia, ulengaji wako unatosha kwa kozi. Zikitoka nne tano nje, fanyia kazi mshiko na kubonyeza kwanza, maana saa ikianza kulia hali itakuwa mbaya zaidi.

Hilo la reinji liwe reinji kweli. Mwanza tumezungukwa na mawe, na kuna wanaodhani jiwe kubwa kule nje ya mji ni kinga nzuri ya risasi. Granaiti haimezi risasi, inairudisha au inaipasua vipande, na huwezi kukisia vinaruka upande gani. Maji nayo ni hivyo hivyo: risasi ikigusa uso wa ziwa kwa pembe ya chini inadunda kama kijiwe cha mtoto na kuendelea na safari. Risasi ya 9 mm inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na ziwa letu lina mitumbwi ambayo wewe huioni, achilia mbali kesi itakayokusubiri polisi. Kinachofaa ni tuta nene la udongo usio na mawe, kwenye eneo lililoruhusiwa.

Kuhusu bastola yenyewe: hukusema ni ya aina gani, na hili linaweza kumaliza mjadala wote. Risasi ndogo inayokubalika ni 9×19. Zile bastola ndogo za 7.65 ambazo baadhi ya watu wanamiliki kwa ulinzi hazikidhi, hata uwe hodari vipi. Risasi pia lazima iwe na nguvu fulani: chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), zidisha kwa mwendo kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Daraja la chini linaanzia 125. Risasi ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 inakupa 130.2, kwa hiyo 9 mm za kawaida za kiwandani zinapita bila shida.

Anza na divisheni (kundi la mashindano kwa aina ya bastola) ya Production, bastola kama ilivyotoka kiwandani, hupotezi pesa kwenye marekebisho. Humo magazini inajazwa risasi 15 tu hata kama inabeba 17. Kituo kirefu, yaani raundi moja ndefu ya shindano, kinaweza kudai risasi 32, hivyo magazini mbili hazifiki, tatu zinakubana, nne au tano ndiyo starehe. Holsta iwe ngumu, ya plastiki nzito, ifunike kikingio chote cha kifyatulio, ikae kiunoni upande wa mkono unaotumia, kwenye mkanda mgumu. Ya kitambaa laini inajifunga ukishachomoa, kuirudisha unalazimika kuipanua kwa mkono wa pili huku mtutu unautazama mkono huo huo. Ya kwapani usiifikirie kabisa. Ukichomoa unawapitishia mtutu walio nyuma yako. Miwani na viziba masikio hilo halina mjadala.

Gharama usiihesabu kwa ada. Chukua idadi ya risasi wanayodai, mara nyingi ni mia kadhaa kwa siku mbili, ongeza za akiba, zidisha kwa bei ya moja unapoinunua. Kisha ongeza holsta, mkanda, magazini, basi na malazi. Utakuta ada ndiyo kidogo. Angalia pia masharti ya leseni yako kuhusu kiasi cha risasi, kwa sababu mazoezi ya kabla ya kozi nayo yanakula.

Na mpaka. Kutoka Mwanza utapitia Sirari, na hapo usije ukajidanganya kwamba leseni ya Tanzania inakuvusha na bastola. Hii ya kwetu inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015; ukishavuka, sheria ni ya Kenya. Bila kibali cha maandishi cha pande zote mbili kilichopatikana kabla ya safari, bastola ibaki nyumbani imefungiwa. Njia nyepesi ni kuuliza kama waandaaji wanakodisha bastola na risasi palepale. Wakikubali, omba inayofanana na yako kwa kifyatulio na kitufe cha magazini, la sivyo mazoezi ya miezi mitatu yote utayaanza upya asubuhi ya Jumamosi.

Cheti kitakufaa wapi? IPSC imegawanyika kwa kanda, kawaida nchi moja kanda moja, na mshindani anatakiwa awe mwanachama wa kanda anakoishi. Anayeishi nchi ambayo haina kanda anaweza kuomba kujiunga na kanda nyingine. Kwa hiyo kabla ya yote muulize mwandaaji kanda gani inatambua cheti chake, na kama mkazi wa Mwanza anaweza kusajiliwa humo. Cheti cha klabu tu, kisichotambuliwa na kanda, ni mafunzo mazuri lakini hakifungui mlango wa mashindano.

Umesema una miaka 46 na unaogopa vijana watakuacha kwa mbio. Angalia hesabu zake. Alama hugawanywa kwa sekunde. Katikati ya shabaha ni 5, sehemu inayofuata 3, ya pembeni 1 kwa risasi za daraja la chini, na kukosa ni kukatwa alama 10. Tuseme shabaha sita, risasi mbili kila moja. Kijana anamaliza kwa sekunde 10: nane katikati, mbili za 3, moja ya 1, moja kakosa. Ana 37, gawa kwa 10 ni 3.7. Wewe unamaliza kwa sekunde 14, kumi katikati na mbili za 3: 56 gawa kwa 14 ni 4.0. Umemshinda, na yeye bado anahema.

Kama baada ya haya yote unaona kilichokuvutia ni kulenga kwenyewe na si kukimbia na saa, kuna bastola ya upepo ya mita 10. Ni ya 4.5 mm, risasi 60 kwa dakika 75, umesimama mahali pamoja, na iko kwenye Olimpiki, tofauti na IPSC. Risasi zake ni nafuu mno, na mita 10 unazipata hata ndani ya ghala.

Ukimwandikia mwandaaji, muulize mambo matano: kanda inayotambua cheti, idadi kamili ya risasi, bastola za kukodi, wanafunzi wangapi kwa mkufunzi mmoja mnapofika kwenye risasi za moto (wakizidi wanne au watano, mimi naona ni wengi), na aliyeshindwa siku ya pili anaruhusiwa kurudia bila kulipa upya au vipi. Akikujibu "njoo tu, utaelewa hapa hapa", ngoja tangazo la mwingine.