Ligi ya dinasti: foleni ya weiva iondoke, zabuni ya siri iingie

Ligi ya dinasti ni mchezo wa kubuni: kila mtu anaunda timu ya wachezaji halisi wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, na kubaki nao mwaka hadi mwaka. Timu 12 zenye wachezaji 28 kila moja zinafungia watu 336. Wanaobaki nje ni makapi, mpaka siku nafasi inapofunguka ghafla. Agosti 2020, Jacksonville Jaguars ya NFL walimwacha mkimbiaji wao mkuu, Leonard Fournette. James Robinson, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya) ya mwaka ule, akashika nafasi yake na kumaliza msimu na yadi 1,070 za kukimbia. Mchezaji wa namna hiyo haji kila wiki, na katika dinasti anayempata anabaki naye miaka. Ndiyo maana ugawaji mbaya unaumiza hapa kuliko kwenye ligi ya msimu mmoja.

Weiva ni utaratibu wa kugawa wachezaji hao wasio na timu. Foleni ya kupokezana, ambapo anayechukua anarudi mwisho, inafundisha watu kubana: aliye namba 1 hagusi kitu wiki sita, akingoja mwenzake aumiziwe nyota. Foleni ya kumpa kwanza aliye wa mwisho kwenye msimamo ni mbaya zaidi. Huyo tayari ana chaguo la kwanza la drafti. Mkimpa na weiva, mnamlipa mara mbili kwa kufungwa. Na ile ya anayewahi ndiye mwenye mali, ifuteni leo. Habari ya Septemba ikitoka New York saa 18:00, Lubumbashi ni usiku wa manane. Aliyekatikiwa umeme au kuishiwa mega ataamka mchezaji keshaenda.

Wekeni zabuni ya siri: kila timu inaandika bei bila wengine kuiona, na ya juu inamchukua mchezaji. Kila timu ipewe bajeti ya kubuni ya 1,000 za mwaka mzima. Kwa 100, watu hugongana sana kwenye namba zilezile, 5, 10, 21. Ruhusuni zabuni ya 0, ili aliyemaliza bajeti Oktoba bado apate mtu wa kuziba pengo.

Sare ndiyo inayoleta ugomvi. Timu mbili zikiweka 212, msiangalie msimamo; angalieni alama za uwezo, yaani alama ambazo kikosi kingepata kama kila wiki wangepangwa walio bora. Mwenye 1,410 amchukue mchezaji mbele ya mwenye 1,655. Anayepanga majeruhi makusudi ili afungwe hawezi kuishusha hesabu hiyo.

Mechi ya Jumatatu usiku huanza saa 20:15 New York, kwetu Jumanne 02:15, na 03:15 Marekani wakirudisha saa nyuma Novemba. Basi zabuni zifunguliwe Jumatano saa 12:00 mchana, kila mtu akiwa macho, kisha kila siku saa ileile mpaka Jumapili. Mchezaji aliyeachwa na timu akae siku mbili kwanza kabla ya kuzabuniwa.

Msimu ukiisha, fungeni weiva kabisa mpaka mmalize drafti yenu ya chipukizi. NFL huchagua wake mwishoni mwa Aprili. Mlango ukibaki wazi, mtu atanyakua chipukizi anayestahili kuwa chaguo la kwanza la mwaka kwa zabuni ya 3. Siku inayofuata drafti yenu, fungueni na 1,000 mpya, na msiongeze Septemba. Aliyetumia 700 Agosti alijua anachonunua.

Sheria hizi ziandikwe kabla ya zabuni ya kwanza. Kamishna, yaani msimamizi wa ligi, asibadilishe kitu katikati ya msimu, hata akiombwa na wote.