Impreza STI ya 2006: kutoka rimu 17 kwenda 18

Ndugu, uliuliza tairi gani uchukue ukipanda rimu, na kama unaweza kubadilisha mbili za mbele tu. Kwa Subaru Impreza STI ya 2006 iliyotoka na 225/45R17 (upana milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana, rimu inchi 17), ukipanda rimu 18 chukua 225/40R18. Kimo cha tairi zima kinaongezeka milimita 3 hivi, kwa hiyo spidomita haidanganyi.

Kubadilisha mbili za mbele tu: usifanye. Gari hii inavuta magurudumu yote manne, na Subaru wanataka mzingo wa tairi upishane si zaidi ya milimita 6 hivi. Kina cha meno ya tairi kikipishana milimita 1 tu umeshafika hapo. Ukizidisha, difu ya katikati (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, inachemka na kuisha mapema. Nunua nne, aina moja.

Rimu ziwe 5x114.3, yaani matundu matano ya nati kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3. Zile za 5x100 za Impreza WRX ya mwaka huo haziingii, hata muuzaji aape. Tundu la katikati ni milimita 56.1, la rimu likiwa kubwa weka ringi ya kujaza nafasi, la sivyo usukani utatetemeka ukikimbia. Nati ni M12x1.25 (unene milimita 12, nafasi kati ya nyuzi 1.25) za kichwa cha koni. Ya 1.5 ikilazimishwa na mashine ya upepo inakula nyuzi za studi (bolti inayoshika nati). Kaza kwa mkono kwanza, kwa msalaba, kisha spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza.