Mtoto wa mnyamapori kando ya mzoga: joto kwanza, maziwa baadaye

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa lori, napita sana barabara za vijijini. Alfajiri moja nilikuta digidigi jike amegongwa na gari, amekufa, na mtoto wake mdogo amelala pale pale ubavuni mwake. Nikamchukua nikamweka kwenye kebini. Nilimnywesha maziwa ya ng'ombe kwa chupa ya soda, akanywa kidogo. Kesho yake tumbo likavimba, akawa anakoroma, na usiku akafa. Je, ni maziwa yaliyomuua? Nikikuta mwingine nifanyeje? Na kama angepona, ningeweza kumfuga?

JIBU: Marahaba ndugu dereva. Sikumpima huyo mtoto, lakini dalili zako mbili zinaeleza mengi. Kukoroma ni alama kwamba maziwa yaliingia kwenye mapafu. Tumbo kuvimba ni alama kwamba yaliyofika tumboni hayakumeng'enywa, yakachacha na kutoa gesi. Yote mawili huwapata sana watoto wanaonyweshwa wakiwa bado wa baridi. Mwili ukipoa, utumbo hulala na kumeza kunaharibika. Kwa hiyo hata maziwa bora kabisa yangeweza kumdhuru saa ile.

Mtoto aliyelala alfajiri kando ya mzoga ulioanza kupoa, na yeye huwa amepoa. Tia kidole safi mdomoni mwake (kwa jamii ya swala tu, usijaribu kwa mnyama mwenye meno ya kuuma!). Mdomo ukiwa wa baridi, au asiponyonya kidole, usimpe kitu, hata maji. Tafuta boksi lenye matundu ya hewa, tandika kitambaa, kisha jaza chupa maji ya moto, izungushie nguo na uiweke upande mmoja wa boksi ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Usimweke juu ya injini wala karibu na moto. Joto la ghafla ni hatari pia.

Kisha funika boksi, zima redio, na wasiwepo watu wa kuchungulia wala kupiga picha. Hili watu hulidharau, nami nalipa uzito karibu sawa na joto. Swala wana maradhi ya misuli yanayoletwa na kukimbizwa, kushikwa na hofu: misuli inavunjika, masalia yake yanaingia kwenye damu na kuziba figo, mkojo unakuwa wa rangi ya kahawa. Mnyama anaweza kuonekana mzima leo akafa baada ya siku kadhaa. Kumbembeleza kama paka hakumtulizi. Kwake yeye, mkono wako ni mkono wa mwindaji.

Kuhusu maziwa yenyewe, kila mnyama ana yake. Ya sungura yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe, na ndama wa tembo aliwasumbua sana walezi: Daphne Sheldrick, mlezi wa tembo yatima wa Kenya, alihangaika miaka mingi hadi alipofanikiwa kwa mchanganyiko wenye mafuta ya nazi. Ndiyo maana sikupi kipimo cha kukoroga kwenye lori. Mtoto wa swala aliyekuwa ananyonya anaweza kuvumilia saa chache bila maziwa, na saa hizo zitoshe kumfikisha kwa mtaalamu. Huko watajua pia kumpangusa chini ya mkia kwa kitambaa chenye uvuguvugu, kwa kuwa watoto wadogo hawakojoi wala kunya bila kulambwa na mama.

Wewe ulimkuta mama amekufa, basi uyatima haukuwa na shaka. Lakini ukimwona mtoto wa digidigi, paa au pongo amejilaza peke yake majanini na hakuna mzoga, mwache. Mama zao huwaficha hivyo na kurudi mara chache kwa siku kuwanyonyesha. Yeye anajikausha kwa sababu ndiyo kinga yake. Wengi wanaoletwa kwetu kama yatima wameibwa tu, kwa nia njema.

Ukisimama, toa kwanza gari nje ya njia, washa taa za tahadhari na uweke pembetatu. Hakuna mtoto wa mnyama anayestahili maisha yako. Tazama chuchu za mzoga: zikiwa na maziwa, huenda kuna watoto wengine vichakani, hasa kwa nguchiro na paka pori. Mtoto wa komba au tumbili aliyeng'ang'ania manyoya ya mama usimnyofoe kwa nguvu. Mpe kitambaa kizito akumbatie, taratibu atahamia. Ukimaliza, buruta mzoga mbali na lami, maana tai na fisi watakaoufuata nao watagongwa.

Nguchiro, mbweha na popo usiwashike kwa mikono mitupu kabisa, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Swali lako la mwisho: hapana. Nchi nyingi zinakataza kumiliki mnyamapori bila kibali, kwa hiyo piga simu kwa mamlaka ya wanyamapori ukiwa bado njiani, uwaambie umemwokota wapi hasa, kwa namba ya nguzo ya kilomita au ramani ya simu, maana akipona inafaa arudishwe eneo lile lile. Hata sheria ingekuruhusu nisingekushauri. Dume wa swala aliyelelewa na watu hukua akiwaona watu ni wenzake, na akishakomaa huwaona ni wapinzani wake. Pembe za digidigi ni fupi, lakini zimechongoka, na zinaweza kumjeruhi mtu mzima mguuni au mtoto mdogo tumboni.