Usiwaulize "Mnaionaje?", Waulize Jana Walifanyaje

Kikao cha kwanza nilichokiendesha kuhusu huduma mpya ya jiji kilikuwa cha aibu, ingawa siku ile nilitoka nikidhani nimefanya kazi. Tulikuwa na ukumbi, projekta, karatasi ya mahudhurio na picha nzuri za kituo cha basi chenye skrini ya kuonyesha basi lijalo litafika baada ya dakika ngapi. Nikaeleza vihisi, yaani vifaa vya kutambua basi liko wapi, vitakavyofungwa kwenye mabasi, nikaeleza data itakavyosafiri, kisha nikauliza swali ambalo siku hizi nikimsikia mtu analiuliza natazama pembeni: "Mnaionaje?"

Ukumbi ukasema ni nzuri. Ila nyuma kabisa mama mmoja wa makamo, mfuko wake miguuni, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hiyo skrini itaniambia basi limechelewa. Mimi najua limechelewa, ndiyo maana bado niko pale. Nitakaa wapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikaandika daftarini "viti" na alama ya kuuliza mbele yake, tukaendelea. Zabuni ya skrini ilikuwa imeshatangazwa. Hata ukumbi mzima ungesimama ukasema hapana, hakuna ambacho ningeweza kubadilisha isipokuwa rangi ya maandishi.

Nilichojifunza tangu siku ile ni kitu kimoja, na karibu kila nitakachosema hapa kinatoka humo. Waite watu kabla kifaa hakijachaguliwa, na ukishawaita usiwaombe maoni. Waombe wakusimulie siku yao.

Maoni mara nyingi ni heshima tu. Mtu aliyealikwa, akapewa kiti na maji ya kunywa, hatakuambia usoni kwamba kitu chako hakina kazi. Masimulizi ya jana hayana adabu hiyo. Yanatoka na mambo yalivyo. Niliwahi kumuuliza kijana mmoja kama angetumia programu ya simu ya kuripoti taa za barabarani zilizokufa. Akasema bila shaka. Nikamuuliza mara ya mwisho kuona taa imekufa alifanya nini. Akasema alipita njia nyingine. Kwa nini hakuripoti? "Niliwahi kupiga simu. Nikaambiwa nisubiri. Ndiyo nasubiri."

Kilichoharibika hakikuwa njia ya kuripoti. Ni yale yanayofuata baada ya kuripoti: nani anapokea taarifa, nani ana gari lenye ngazi, nani anaruhusiwa kutoa balbu stoo bila kutafuta sahihi tatu. Tungempa kijana yule programu yetu, angepata njia mpya ya kupuuzwa. Kwa hiyo maswali yangu siku hizi ni haya: mara ya mwisho ilikuwa lini, ulianzia wapi, ulimpigia nani kwanza, ulikata tamaa ulipofika hatua gani? Hilo la mwisho ndilo linalonipa kazi ya kufanya.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alichora ushirikishwaji wa wananchi kama ngazi yenye vidato 8. Chini kabisa ni kuwachezea watu akili, juu kabisa ni wananchi wenyewe kushika usukani. Kupasha habari na kuomba maoni aliviweka katikati, na akavihesabu kuwa ni ushirikishwaji wa jina tu. Kikao changu cha skrini kilikuwa kidato cha 3, na hapo najipendelea. Kabla ya kutuma mialiko, chukua karatasi uandike ni uamuzi gani bado haujafanywa na ambao watu hawa wanaweza kuugeuza. Ukikosa hata mmoja, usiite ushirikishwaji. Toa tangazo, hakuna ubaya wowote katika kutangaza, ubaya uko katika kuwatoa watu majumbani mwao waje wapigie makofi jambo lililokwisha.

Toronto, Kanada, waliliona hili kwa gharama kubwa. Oktoba 2017 kampuni ya Sidewalk Labs, dada yake Google, ilichaguliwa kupanga eneo la Quayside, ekari kama 12 kando ya ziwa. Mikutano ya hadhara ilifanyika, tena si haba, na picha za majengo ya mbao zilipendeza. Lakini watu walikuja na maswali mengine: data itakayokusanywa barabarani ni ya nani, na nani aliamua kwamba kampuni ndiyo iandike mpango wa mtaa? Oktoba 2018 Ann Cavoukian, aliyewahi kuwa kamishna wa faragha wa jimbo hilo la Ontario, alijiuzulu kazi ya kuishauri kampuni hiyo. Alitaka kila atakayekusanya data aondoe utambulisho wa watu papo hapo, na hakupata hakikisho. Mpango ukatoka Juni 2019 ukiwa na kurasa zaidi ya 1,500. Mei 2020 kampuni ikajitoa ikitaja uchumi usiotabirika. Korona ilikuwa imeshaingia, kwa hiyo sababu hiyo siipuuzi. Ila nani atoke kazini jioni, apike, alaze watoto, kisha asome kurasa 1,500?

Sasa, nani yuko ukumbini? Hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya. Jiji la Boston, Marekani, mwaka 2012 lilitoa programu iitwayo Street Bump: simu ikiwa ndani ya gari inahisi mtikisiko, na jiji linajua shimo liko wapi. Wazo safi. Lakini shimo lililoonekana lilikuwa lile lililopitiwa na mwenye gari na simu janja, na wazee na watu wa kipato cha chini walikuwa nazo wachache. Mashimo ya mitaa yao yangebaki kimya. Jiji lilianza kwa kuwapa programu hiyo wakaguzi wake wa barabara, ambao hupita kila mtaa, maskini na tajiri. Simu haikuwa inasema uongo. Ilikuwa inasema ukweli wa waliokuwa nayo.

Vikao vyetu vina tabia hiyo hiyo. Ukiita saa 4 asubuhi siku ya kazi, utapata wastaafu na watumishi waliotumwa na wakubwa wao. Ukiita jioni, utawakosa akina mama wenye watoto wachanga. Ukitoa fomu mtandaoni tu, unajua mwenyewe utampata nani. Mimi nimeacha kutafuta saa nzuri, naenda kwenye foleni. Foleni ya kuomba kibali, ya kulipia bili, ya kliniki. Mtu aliye kwenye foleni ana muda, ana hasira, na ana karatasi zote mkononi. Atakuonyesha ile fomu waliyomrudishia mara mbili, kwa kalamu nyekundu, bila maelezo. Hakuna dodoso litakalokuletea fomu ile.

Halafu kuna kutengeneza pamoja, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wachapaji wa magazeti katika nchi za Skandinavia waliona kompyuta zinakuja kubadilisha kazi yao. Wakakaa na watafiti kuijaribu teknolojia ambayo wengi hawakuwa wameiona, kwa maboksi na mbao. Kulikuwa na boksi tupu la karatasi ngumu lililoandikwa juu yake kwamba ni printa ya leza, basi. Wakafanya kazi zao za siku kwa vifaa vya kuigiza, wakawa wanajadili nini kikae wapi kabla hakijawepo.

Nimeiga mbinu hiyo bila haya. Tulipotakiwa kubuni kioski ambapo mtu angejihudumia mwenyewe, tulikiunda kwa maboksi. Penye skrini tulikata dirisha, nami nikakaa nyuma yake nikibadilisha karatasi kwa mkono kila mtu alipogusa "kitufe". Nilikuwa kompyuta ya polepole sana. Akaja bwana mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Magoti yake yakagonga boksi, na mkono wake ukafika nusu tu ya karatasi yangu. Akaomba kisu. Akakata sehemu ya chini ya kioski mpaka magoti yakaingia, kisha akanisukumia dirisha chini kwa kiganja, nikajikuta nimepiga magoti sakafuni ili niendelee kuwa kompyuta. Mbunifu wetu akachukua futi akapima pale pale. Kioski kingekuwa cha chuma kilichopakwa rangi, bwana yule angesema asante akaondoka. Boksi halimtishi mtu.

Kuhusu data nitasema kwa ufupi, maana kanuni yake ni nyepesi ingawa kuifuata ni kazi. Mwaka 2016 jiji la San Diego, Marekani, liliidhinisha maelfu ya taa za barabarani zenye vihisi na kamera, kwa hoja ya kuokoa umeme na kuhesabu magari. Mwaka 2018 polisi wakaanza kutumia picha zake katika upelelezi, na wakazi wengi wakaja kujua 2019. Mwaka uliofuata meya akaamuru kamera na vihisi vizimwe. Mtu anaweza kukubali kamera ya kupeleleza uhalifu, lakini aulizwe kamera ya kupeleleza uhalifu, siyo aulizwe taa. Linganisha na wakazi wa uwanja wa Plaça del Sol, Barcelona, waliokuwa hawalali kwa kelele za usiku. Wao wenyewe waliweka vihisi kwenye baraza zao, wakapima, wakaketi na watu wa jiji wakiwa na namba zao mkononi. Huku vihisi, kule vihisi. Tofauti ni nani alikitaka na nani anakisoma. Mimi hupeleka kikaoni ukurasa mmoja, usiozidi: tunakusanya nini, hatukusanyi nini, nani ataona, itafutwa lini, na ukitaka izimwe umwone nani. Nikishindwa kuujaza, mradi haujaiva.

Na urudishe majibu. Hili ndilo linaloua imani ya watu kuliko teknolojia mbovu. Barcelona ilipoanzisha jukwaa la Decidim mwaka 2016 (neno hilo kwa Kikatalani maana yake "tunaamua"), mpango wa jiji ulipokea mapendekezo zaidi ya 10,000, mengi yakitoka kwenye mikutano ya ana kwa ana. Kinachonivutia si wingi huo, ni kwamba pendekezo linaweza kufuatiliwa: limekubaliwa au limekataliwa, na sababu ni hii. Huhitaji jukwaa kubwa kufanya hivyo. Mimi hubandika karatasi yenye safu tatu mahali pale pale tulipokutana: mlisema, tumefanya, hatukufanya kwa sababu. Safu ya tatu ndiyo inayosomwa zaidi. Nimewahi kuandika humo "hatuna fedha" na watu wakaelewa. Mwaka nilioacha kuibandika, nilikutana na mzee ukumbini akatoa mfukoni karatasi ya kikao cha nyuma, imekunjwa mara nne, akanisomea pendekezo lake neno kwa neno mbele ya watu wote. Sikuwa na la kujibu.

Yule mama wa kituo cha basi nilimtafuta baadaye. Skrini zilikuwa zimefungwa, nyingine zimeshakwama kwenye saa ya juzi, na bajeti ya matengenezo ilikuwa imebakiza kiasi kidogo. Safari hii sikuandaa projekta. Nilisimama naye kituoni asubuhi mbili mfululizo, nikaona anapoweka mfuko, anapoegemea, jua linapompata. Tukapeleka ombi la benchi na paa dogo, likapita. Benchi lilipowekwa alikuja, akakaa, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mmeliweka vizuri," akasema, "ila basi linatokea huku. Mimi nitakuwa nageuza shingo mpaka lini?"

Tukamwita fundi, akaligeuza.