Maswali ya Wasomaji: Kitanzi cha Kuandika Kurasa, Ninakili au Nitumie cha Kerneli?

SWALI: Ninaandika mfumo wa faili wa kujifunzia ndani ya kerneli ya Linux. Kitanzi cha kupeleka diskini kurasa chafu, yaani zilizobadilishwa kwenye RAM tu, nimekinakili kutoka f2fs, mfumo mmojawapo wa faili wa Linux, nikafuta nisiyoyahitaji, na kinafanya kazi. Mwenzangu anasisitiza nikitupe nitumie cha kerneli yenyewe. Ubaya uko wapi, ikiwa f2fs nao walinakili? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Ni kweli f2fs ilinakili. Maelezo yaliyo juu ya f2fs_write_cache_pages yanasema wazi kwamba imetolewa kwenye write_cache_pages ya kerneli. Btrfs, mfumo mwingine wa faili, nayo ina extent_write_cache_pages yake. Walikuwa na sababu zao, wewe huna. Na hata wao waliigharamia nakala hiyo.

Tazama mkwamo mmoja. Uandishi wa chinichini huanzia pale ulipoishia mara iliyopita, na ukifika mwisho wa faili hurudi mwanzo. Tuseme kitanzi kimerudi mwanzo huku kingali kimeshika bio (ombi la kuandika diskini) ambayo haijatumwa, na ndani yake mna ukurasa wa 900 uliokwisha kutiwa alama kuwa unaandikwa. Sasa kinataka kuufunga, yaani kuushikia kufuli, ukurasa wa 3. Huo umefungwa na mchakato mwingine, ambao nao unasubiri ule wa 900 umalize kuandikwa. Hapo hakuna anayesogea. Mwaka 2018 mtayarishaji wa kerneli Dave Chinner aliuondoa mkwamo huo kwenye write_cache_pages: wito mmoja hauzunguki tena, unaishia mwisho wa faili, na unaofuata ndio unaoanzia sifuri. Nakala ya Btrfs ilibaki na ugonjwa uleule hadi Januari 2020, Josef Bacik alipoifanya itume bio kabla ya kurudi mwanzo. Zaidi ya mwaka ulipita kati ya tiba hizo mbili. Nakala yako wewe, nani ataitibu?

Kuna kosa jingine linalotisha zaidi, kwa kuwa halikwamishi chochote. Hadi mwanzoni mwa 2009 kitanzi cha kerneli kiliheshimu nr_to_write, yaani kikomo cha idadi ya kurasa, hata wakati wa fsync, wito wa kuhakikisha data ya faili imefika diskini. Kikomo kikifikiwa, fsync ilirudisha jibu la mafanikio huku kurasa nyingine zingali kwenye RAM. Umeme ukikatika hapo, data imekwenda. Nick Piggin alirekebisha: kikomo kinasimamisha tu uandishi wa WB_SYNC_NONE, yaani ule usiosubiriwa umalizike. Hakikisha hukulifuta sharti hilo ulipokuwa unapunguza mistari.

Kagua pia hatua za kila ukurasa. Ukishaufunga, angalia upya kama bado ni wa faili hii, maana huenda faili imekatwa ikawa fupi wakati unasubiri kufuli. Angalia kama bado ni mchafu. Ukikuta tayari unaandikwa, usubiri kama ni WB_SYNC_ALL (uandishi wa lazima, kama wa fsync), vinginevyo uruke. Ndipo uondoe alama ya uchafu na kuandika. Ukiacha hatua moja, majaribio mepesi hayatakuonyesha.

Tangu 2024 kerneli ina writeback_iter, inayokufanyia hayo yote. Unaanza na folio (ukurasa mmoja au kundi la kurasa zinazoshughulikiwa pamoja) ikiwa NULL, kisha:

while ((folio = writeback_iter(mapping, wbc, folio, &error)))
    error = andika_folio(folio, wbc);

Folio inakujia imefungwa. Ndani ya andika_folio uite folio_start_writeback, kisha uifungue. Diski ikimaliza, uite folio_end_writeback. Kitanzi kikiisha, tuma bio iliyobaki. Kamwe usitoke kwa break wala goto, hata likitokea kosa: liweke kwenye error uendelee mpaka upate NULL. Wito ule wa mwisho ndio unaoachilia folio zilizoshikwa na kukurudishia kosa lililohifadhiwa. Faida nyingine ni kwamba hali yako inakaa kwenye vigeu vya kawaida, bila kupitishwa kwa kielekezi cha void, na wito wa kupitia kielekezi cha funksheni, uliopanda gharama baada ya kinga dhidi ya Spectre, udhaifu wa kiusalama wa vichakataji, unaondoka.

SWALI: Na iomap, msimbo wa pamoja wa kerneli wa kusoma na kuandika faili, je? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Ikiwa mfumo wako unahifadhi data kwa ekstenti (vipande vya diski vinavyofuatana) za kawaida, anzia huko. Msimbo huo ulitokana na mfumo wa faili wa XFS. Kwenye upande wa kuandika, kazi yako kubwa inabaki kuwa writeback_range, iliyochukua nafasi ya map_blocks mwaka 2025: kujibu kipande hiki cha faili kiko wapi diskini na kukipanga kiandikwe. Kama unabana data kabla ya kuiandika, rudi kwenye writeback_iter.

SWALI: Nimewasha lockdep, kikaguzi cha kufuli cha kerneli, na haikulalamika hata mara moja. Je, nina uhakika kwamba hakuna mkwamo? – Msomaji, Kampala

JIBU: Huna. Lockdep haifuatilii kufuli ya ukurasa, kwa hiyo mkwamo tulioueleza hapo juu itaupita kimya. Washa CONFIG_DETECT_HUNG_TASK, ambayo kwa kawaida hupiga kelele mchakato ukikwama zaidi ya sekunde 120. Kisha endesha xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili, kwa ./check -g auto, kwenye mashine pepe yenye RAM ndogo ili uandishi wa chinichini uamke mara kwa mara. Ikikwama, andika herufi w ndani ya /proc/sysrq-trigger usome dmesg: tafuta mchakato mmoja unaosubiri kufuli ya folio na mwingine uliolala ndani ya folio_wait_writeback.