Projekta Imefika, Darasa Limekuwa Kimya

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Shule yetu imepata kompyuta moja na projekta, nami nimetumia muda mwingi kuandaa slaidi za mada ya grafu. Tangu nianze kuzitumia, wanafunzi hunakili kila kinachoonekana ukutani, hawaniulizi maswali kama walivyokuwa wakiuliza enzi za chaki, na majaribio hayaonyeshi kwamba wameelewa zaidi. Je, nisubiri hadi kila mwanafunzi awe na kompyuta yake?
Mwalimu wa hisabati

JIBU: Ndugu Mwalimu, usisubiri. Nchini Peru wanafunzi wa shule za msingi waligawiwa kompyuta ndogo, kila mmoja na yake, lakini tathmini ya shule 319 za vijijini iliyotolewa mwaka 2012 haikupata ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda, ingawa kompyuta zilikuwa zimeongezeka mno.

Ukimya wa darasa lako naamini unatokana na slaidi zenyewe. Ulipokuwa ukikokotoa kwa chaki, mwanafunzi aliiona hesabu ikijengeka mstari kwa mstari, na aliyepotea aliweza kukukatiza kabla hujafika mstari unaofuata. Slaidi humletea kazi iliyokwisha, naye hana la kufanya isipokuwa kunakili. Kwa hiyo rudisha ukokotoaji ubaoni, na kompyuta uiachie jambo ambalo chaki hailiwezi, yaani kuonyesha mabadiliko yakitokea.

Chukua mlinganyo y = ax². Programu ya kuchora grafu iitwayo GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001, ni ya bure kwa walimu na wanafunzi, na ukishaipakua kwenye kompyuta itafanya kazi hata pasipo intaneti. Iandikie mlinganyo huo, kisha uburute thamani ya a polepole kutoka 3 kwenda 1: mchirizi wa grafu, yaani ule mstari uliopinda kama bakuli, uliokuwa mwembamba utapanuka mbele ya macho yao. Sasa simama. Kabla hujafika sifuri, uliza grafu itakuwaje hapo, na kila mmoja achore jibu lake daftarini bila kumwangalia jirani. Wako watakaochora mchirizi mpana zaidi, na wako watakaosema grafu itatoweka. Ukifika sifuri, mchirizi unalala kabisa juu ya mhimili wa x, na ukipita kwenda -1 unapinduka na kutazama chini. Aliyekwisha kuchora utabiri wake ana sababu ya kuuliza kwa nini. Aliyeonyeshwa tu hana.

Utabiri huo unaweza pia kuupigia kura. Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwauliza wanafunzi swali moja la kufikirisha, kila mtu achague jibu peke yake, kisha wajadiliane na wenzao walio jirani na kuchagua upya. Wewe huhitaji kifaa chochote kwa kazi hiyo, maana vidole vilivyoinuliwa kifuani vinatosha kuonyesha jibu la 1, la 2 au la 3. Usitangaze jibu sahihi baina ya kura hizo mbili, hata ukiombwa sana, kwa sababu ukilitaja mjadala utakufa papo hapo.

Mpe mwanafunzi kipanya, nawe uhamie nyuma ya darasa. Ukikaa nyuma utawaona wale ambao macho yao hayapo ukutani, jambo ambalo ni gumu ukiwa umeinamia kompyuta. Faili ya GeoGebra ijaribu mwenyewe siku moja kabla, kwa projekta ileile.

Dakika tano za mwisho zima projekta, kila mwanafunzi achore kwa penseli y = -2x² na aandike chini yake sentensi moja ya kueleza kwa nini imekaa hivyo. Karatasi hizo zikusanye, na kipindi kijacho ukianzishe kwa makosa utakayoyakuta humo.